Mzee Aliyekuja Kuchaji Simu

Jumanne tulikuwa tukichambua maharagwe pale kituo chetu cha wazee, Ruiri huko Meru, mzee mmoja akasimama mlangoni na kofia mkononi. Tulimjua. Alimzika mkewe majuzi, na watoto wote wako Nairobi.

"Sikuja kukaa," akasema. "Naomba tu kuchajiwa simu."

Mama anayetutunza akaipokea. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na swichi, nikaona: chaji ilikuwa imejaa kabisa. Mama akaigeuza kifudifudi, akaichomeka hivyo hivyo.

"Hii itachukua muda, baba. Keti."

Akaketi. Bibi mmoja mwenzangu akamsukumia ungo. "Ama wanaume wa kwenu huogopa maharagwe?"

"Huogopa wanawake wengi," akajibu, kisha akaanza kuchambua. Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Jioni mama akamrudishia simu. "Betri yako imezeeka," akamwambia bila kucheka. "Uilete kila siku."

"Hata mimi niliona hivyo," mzee akasema.

Mwanamume wa Meru hatakwambia kwamba nyumba imemnyamazia. Namshukuru Mungu kwa mama yule, ambaye hakumlazimisha aseme.