Nyota Yangu ya Upawa

Enzi zetu Chamazi, kabla nguzo za umeme hazijatufikia, mie niliamini kabisa kwamba mtu aliyezaliwa na nyota ya Upawa asipoosha vyombo, anaota mkia kabla ya Idi. Na nyota yangu ilikuwa Upawa. Aliyenipa habari hiyo ni dada yangu Mwajuma, aliyenizidi miaka minne ya umri na arobaini ya ujanja.

Upawa wenyewe upo, msidhani nawapiga kamba. Masika yakielekea kwisha, giza likiingia, tulitandika jamvi uani tukatazama upande wa mjini, kaskazini: nyota saba, nne bakuli, tatu mpini. Bakuli limefudikizwa.

"Unaona? Hata huko juu umeshaoshwa," Mwajuma alisema. "Bado wewe."

Yeye nyota yake ilikuwa Simba, na Simba, eti, hashiki masizi.

Basi wenzangu wakicheza chandimu, mie nasugua sufuria kwa mchanga na makumbi mpaka najiona uso. "Oya, mama ntilie!" walinipigia kelele juu ya ua. "Njoo, golini hakuna mtu!" Roho iliniuma! Nilikuwa na mguu wa kushoto ambao, nawaambieni, ungetikisa Afrika nzima. Lakini nikipapasa nyuma ya kiuno na kukuta hamna kitu, nashukuru, naendelea kusugua.

Mama alifurahi. "Mwanangu huyu, mkewe atafaidi."

"Amina," Mwajuma aliitikia, bila haya.

Ila alinipenda. Ukoko wa wali wa nazi alinibandulia mie wote, tukakaa tumeegemeana migongo, vidole vinanata, akinionyesha Nge anavyopanda na mkia wake uliopinda. "Yule naye alikataa kuosha," alininong'oneza. Usiku ule nilirudia hata vikombe visafi.

Vijana wa leo nyota zao wanasomewa na simu, wamejilaza kifudifudi, shingo haijainuka hata siku moja. Na hata wakiinua, taa zimemeza kila kitu. Mwanangu nilimwonyesha Upawa, akauliza kama ni droni. Sie tulikosa taa, lakini mbingu nzima ilikuwa yetu, na mgongo wa kuegemea ulikuwepo.

Nilijiunga na sekondari ya jioni nikiwa na ndevu na mke ambaye hakuwahi kugusa sufuria chafu. Siku moja mwalimu wa jiografia akachora ubaoni njia ya jua na makundi yake kumi na mawili ya nyota. Simba yumo. Nge yumo. Upawa sikuuona. Nikanyoosha mkono, nikasimulia yote, mkia na masufuria, kisha nikauliza, "Sasa mwalimu, sie wa Upawa tuko wapi?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Yeye alisubiri litulie.

"Upawa uko mbali kaskazini, kaka yangu. Jua halipiti pale mwezi wowote, kwa hiyo si nyota ya mtu yeyote. Dada yako alikuwa hapendi kuosha vyombo."