Panya wa Mume Wangu na Kanga ya Shangazi

Jina langu lifichwe, ila furaha yangu msiifiche. Nina miaka ishirini na tatu, nimemaliza kidato cha nne, naishi Mafia upande wa Kirongwe, na ndoa yangu ina mwezi mmoja tu. Jamani, nimeolewa! Nikisikia pikipiki yake inakata kona, mpaka leo nakimbilia mlangoni.

Mume wangu ni mtafiti wa panya. Anawakamata kwenye minazi, anachunguza wanaishije pamoja na nini kinamfanya mmoja amsaidie mwenzake. Chumba cha uani kina vizimba vinne. Yeye anapanga kazi, mimi naandika kwenye daftari. Kuna jike mmoja, tukimfungia dume lake kwenye kijumba chenye mlango wa kusukuma, tukaweka na kipande cha nazi pembeni, haigusi nazi. Anasukuma mlango kwanza mpaka mwenzake atoke, ndipo wanakula wote. Siku ya kwanza nililia. Mume wangu akanifuta machozi kwa kidole. "Andika saa kwanza, mke wangu, ulie baadaye."

Panya hawapendi mwanga mkali, basi nikachukua kanga moja ya doti aliyonipa shangazi siku ya harusi, nikafunika vizimba. Shangazi ndiye aliyenilea. Wiki iliyopita alikuja na mkate wa kumimina, akapita uani kunawa mikono.

"Hii si kanga yangu?"

"Ni yako, shangazi. Wanapenda giza."

Akaifunua. Ukelele wake ulisikika hadi barabarani.

"Nimezunguka Kilindoni kutwa nzima nikuchagulie kanga, uje kuwafunika panya! Huyo mwanamume kakuoa wewe au kaoa panya?"

"Katuoa sote, shangazi."

Nilitania. Hakucheka.

"Ijumaa wawe wametoka. La sivyo sikanyagi hapa tena, na ukizaa utafute mwingine wa kukukanda."

Mume wangu yuko tayari kuwaachia, hata kazi yake iharibike. Nimemkatalia. Hatoki panya hata mmoja! Nilikosea kanga, sikukosea mume. Lakini na shangazi simwachi, sina mama mwingine.

Ijumaa nakwenda kwake nimejifunga ile kanga iliyobaki, na daftari mkononi, nimsomee habari za yule jike. Anayetaka kuniambia nitoe panya asijisumbue kuandika. Nishaurini hili tu: akinifungia mlango, nikae nje nisubiri, au nisukume?