Sikio la Kushoto Likashuka

Ilianza Jumamosi, saa moja na dakika arobaini asubuhi. Nina hakika na dakika kwa sababu mjomba ana kidaftari ambacho huandika saa ya kila mruko kabla ndege haijaondoka mkononi. Mbele ya saa huacha nafasi ya kuandika imekaa hewani muda gani. Mruko wa Jumamosi ile nafasi hiyo ilibaki tupu, kwa sababu sekunde nne haziandikwi.

Mjomba ni mdogo wake mama, fundi redio pale Majengo. Anatengeneza redio, amplifaya, feni, na simu zilizoingia maji. Ndege aliiunda mwenyewe. Mwili na mabawa ni lile povu jeupe gumu linalokuja limezunguka friji jipya, na fimbo za ndani ni spoku za baiskeli. Mota, rimoti na vidude vidogo viliagizwa Dar vikaja na basi. Watu wakimwuliza mtu mzima anafanya nini na mdoli, anawajibu kwamba hiyo ni redio tu, ila ina mabawa.

Alianza kunifundisha likizo ya mwaka jana, nilipokuwa nashinda dukani kwake bila kusema neno. Akamwambia mama, "Dada, huyu mtoto haongei, kwa hiyo atasikiliza vizuri." Tangu hapo kila Jumamosi tunatoka mapema kwenda kwenye mashamba yaliyovunwa nje ya mji, kabla ya saa tatu, maana huku kwetu kiangazi jua likipanda upepo nao unaamka. Mwezi wa sita baridi ya asubuhi inaua vidole. Nilikuwa naviweka kwapani kwanza ndipo nishike rimoti.

Ndege ikienda mbele haina shida. Shida ni inaporudi kwako, maana kushoto kwake kunakuwa kulia kwako, na mkono unasahau. Mjomba akanionyesha namna: nigeuke, niipe mgongo, niitazame kupitia begani, hapo mimi na ndege tunaelekea upande mmoja. Niliiangusha mara nyingi kabla hilo halijaingia. Kuitengeneza nilijifunza haraka zaidi kuliko kuirusha. Vijiti vya meno, gundi, kisha gundi-tepe inayolainishwa kwa mgongo wa kijiko kilichopashwa moto. Nilipenda kazi hiyo. Unakaa umeinamisha kichwa na hakuna anayekudai maneno.

Lakini mjomba alikuwa na sheria moja, na sheria hiyo ilidai maneno. Nyuma ya kila bawa kuna kipande kinachopanda na kushuka. Yeye anaviita masikio. Ukivuta kijiti cha rimoti kushoto, sikio la kushoto linainuka, la kulia linashuka, ndege inalalia kushoto. Kabla ya kurusha ni lazima usimame nyuma ya ndege, uvute kijiti, na useme kwa sauti unachokiona. "Kushoto, la kushoto limepanda. Kulia, la kulia limepanda." Kwa sauti, hata kama uko peke yako shambani. Kwa mjomba, huko ndiko kuita.

"Nikiangalia tu haitoshi?" nilimwuliza siku za mwanzo.

"Haitoshi. Jicho ni vivu. Mdomo ukilazimika kusema, jicho nalo linalazimika kutazama. Mimi nasema kila siku, hata nikiwa na mafua."

Tulipokuwa wawili nilisema. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini nilisema.

Wiki hiyo kulikuwa na mambo mawili yaliyofanywa kwenye ndege. Mjomba alichomelea upya kwa solda waya za kipokeo, yaani kile kidude cha ndani kinachosikiliza rimoti. Mimi nilibadilisha sevo, kimota kidogo kinachokaa katikati ya mabawa na kuvuta waya za masikio yote mawili. Ya zamani meno yake yalikuwa yamelika. Mpya ilikuwa nene kidogo, haikukaa vizuri kwenye tundu. Nikaigeuza juu chini. Ikalala kama imezaliwa pale. Nilijisifu moyoni.

Jumamosi tulipofika shambani palikuwa na mfugaji anapitisha ng'ombe kwenye mabua. Akasimama na mjomba.

"Fundi, hiyo ndege yako inaweza kunitafutia ndama? Tangu juzi simwoni."

"Ndama akiwa juu, tutampata."

Wakacheka. Mimi nilikuwa mbele yao kama hatua ishirini, ndege iko chini kwenye nyasi. Hapo ndipo wakapita wasichana watatu wa darasani kwetu, kidato cha tatu, wana ndoo za maharage kichwani. Walisimama pia.

"Huyu si yule bubu wetu?"

"Ndiye. Kumbe ni rubani."

"Tumsikie basi anavyoiamrisha."

Hawakuwa wabaya. Darasani hata mimi ningejiita hivyo. Lakini mbele yao sikutaka kusikika. Nikavuta kijiti kushoto, nikavuta kulia, masikio yakacheza, na mimi nikachezesha midomo bila kutoa sauti. Niliona yanacheza. Yanacheza kuelekea wapi, sikuona. Nilikuwa naona viatu vya wale wasichana.

"Umeita?" mjomba akauliza kwa mbali.

Nikatikisa kichwa kuitikia. Nikairusha.

Upepo mdogo ukaigusa, ikalalia kushoto kidogo. Nikavuta kulia kuinyoosha. Ikazidi kulala kushoto. Nikavuta kulia hadi mwisho. Ikapinduka, ikaingia kichwakichwa kwenye mabua. Mlio wake ulikuwa kama mtu amekalia sahani ya plastiki.

"Imekufa hiyo," msichana mmoja akasema, na wakaenda zao na ndoo zao.

Mjomba alikuja hana haraka. Akaigeuza ndege, akanitazama.

"Uliita?"

"Niliita."

"Masikio yalikuwa sawa?"

"Yalikuwa sawa."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Ni miwani ya kusomea, alikuwa ameinunua sokoni mwezi huo tu.

"Basi ni solda yangu," akasema. "Kipokeo kimepoteza mawasiliano. Nilijua ile waya sikuiona vizuri."

Ningeweza kusema pale pale. Mfugaji alikuwa bado amesimama, nikajipa sababu hiyo.

Dukani alikifungua kipokeo. Nikamwona anakileta karibu na pua, anakipeleka mbali, anakileta tena. Solda yake ilikuwa nzuri, inang'aa, hata mimi niliiona. Akaiyeyusha yote akachomelea upya, na safari hii ikamwagika, ikawa mbaya kweli. Akaiyeyusha tena, na tena.

Kabla ya saa sita akaja mzee wa kwaya na amplifaya ya kanisani kwenye toroli. Ilikuwa inakoroma. Mzee huyu amemletea mjomba kazi tangu mimi sijaanza shule.

"Shikamoo, mzee," mjomba akasema. "Hii mpelekee fundi wa kule stendi."

"Marahaba. Kwani wewe umefunga?"

"Sijafunga. Macho. Nisije nikawaunguzia mashine. Wiki hii mikono yangu siiamini."

Mzee akadhani ni utani, akasubiri. Mjomba hakucheka. Toroli ikageuzwa. Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye kigoda, na ndege iliyovunjika magotini.

Alasiri niliipeleka nyumbani, nikakaa nayo nyuma ya jiko. Bawa lilikuwa limekatika lakini sevo ilikuwa nzima. Mota niliichomoa ili propela isizunguke, nikaunganisha betri, nikavuta kijiti kushoto. Sikio la kushoto likashuka.

Nikavuta tena. Likashuka tena.

Sevo iliyogeuzwa juu chini inavuta kinyume. Jambo dogo kabisa. Mtu yeyote anayesema kwa sauti anachokiona angeliona pale pale shambani. Nilichukua bisibisi nikafungua skurubu ya kwanza. Nikiigeuza sasa, hakuna atakayejua. Mjomba atakuwa na kipokeo chake, mimi nitakuwa na ndege inayoruka, na mzee wa kwaya atakuwa na fundi mpya wa stendi. Nilikaa na ile skurubu kiganjani mpaka mama aliponiita nikachambue maharage. Kabla ya kwenda niliirudisha mahali pake, sevo ikiwa bado juu chini.

Jioni mjomba alikuja kula kama kawaida yake. Kulikuwa na migebuka, samaki anaowapenda, akala mmoja. Akamwonyesha mama karatasi ya dawa.

"Dada, wewe unaziona hizi herufi?"

"Hata mimi sizioni. Wameziandika za sisimizi."

"Unanifariji."

"Nikufariji una nini?"

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Mimi nilikuwa naangalia sahani. Nilitunga sentensi, nikaifuta, nikatunga nyingine. Ikawa saa ya yeye kwenda kwake, nyumba ya pili uani, na sentensi zote zikabaki kwangu.

Asubuhi ya Jumapili nilimkuta anaota jua uani, amevaa koti kubwa, kikombe mkononi. Nilikuwa na ndege na rimoti. Bawa nilikuwa nimelishika kwa vijiti vya meno tu. Nikaiweka juu ya kigoda, nikasimama nyuma yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hujajiandaa kwenda kanisani?"

"Kushoto," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, kuku wakasogea. Nikavuta kijiti. "La kushoto limeshuka."

Akaweka kikombe chini.

"Kulia. La kulia limeshuka."

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Mama alitokea mlangoni na mwiko. Nikaendelea kwa sababu nikinyamaza nisingeanza tena. "Sevo niliigeuza juu chini ili ikae. Na jana sikuita, mjomba. Nilichezesha midomo tu. Solda yako haikuwa na kosa."

Nilitegemea anigombeze na ningeona nafuu. Badala yake alitazama mikono yake, akaikunjua, akaikunja.

"Niliiyeyusha mara tatu," akasema.

"Niliona."

"Na wewe umekaa kimya."

"Ndiyo."

Mama akasema jambo kwa Kifipa ambalo sitaliandika. Mjomba akachukua kikombe chake, akanywa chai iliyokwisha kupoa. "Kile kipokeo utakichomelea wewe," akasema. "Mimi nitakushikia taa." Hakunituma popote.

Nilivaa viatu mwenyewe. Mzee wa kwaya hufika kanisani mapema kupanga viti, na nilipofika alikuwa nje na wanakwaya kama kumi, wamevaa joho, wanapasha sauti. Amplifaya ilikuwa kwenye toroli, bado haijapelekwa stendi. Walikatiza wimbo kunitazama.

"Shikamoo, mzee. Nimefuata amplifaya. Mjomba atatengeneza."

"Marahaba. Jana si alisema macho?"

"Macho yake hayana shida. Ndege niliiangusha mimi, nikamwacha adhani ni yeye."

Mzee akaweka mkono sikioni, maana hasikii vizuri. "Sema kwa sauti, binti."

Nikasema tena kwa sauti, mbele ya wote kumi. Mwanakwaya mmoja akacheka, si kwa ubaya. Kisha nikashika mikono ya toroli, ilikuwa baridi kama chuma cha dirisha, nikaisukuma taratibu kwenye mawe kuelekea Majengo.