Betri Ndani ya Gunia

Mikono yangu inanuka vitunguu saumu, na harufu hiyo hunikumbusha redio iliyonyamazishwa. Kila jioni kaka alipiga kaseti za nyimbo za watu waliohama kwao. Mama akachoka.

"Hizi nyimbo zitamchukua," alisema, akazitoa betri za redio na kuzifukia kwenye gunia la vitunguu saumu.

Kaka alifunga begi la kwenda machimboni Mirerani huku akiimba mwenyewe, vibaya.

"Na wewe mdogo wangu, huondoki?"

"Nani atakula ugali wako?"

Alicheka, akabeba redio yake isiyo na betri. "Mama, naenda."

"Haya," alijibu mama, akiendelea kuchambua vitunguu.

Ugali wake bado naula mimi, na mwili unaonyesha. Mama naye, kila tukivuna, hufukia betri mpya kwenye gunia.

"Ile redio itarudi na njaa," husema.