Upenyo Kati ya Reli

Siku yangu ya kwanza kwenye reli ya Korogwe, zama za Mjerumani, nilikabidhiwa nyundo na kuonyeshwa pa kusimama. Nilikuwa nimetoka Kwaluguru kwa miguu, sijawahi kuona gari moshi, na kila kitu kilinitia hamu ya kuuliza. Mbona kila reli ilipokutana na mwenzake paliachwa upenyo mwembamba? Mnyapara wetu, Mzee Mhina, hakujua. Naye aliambiwa auache tu. Nikamwuliza msimamizi Mjerumani.

“Wewe umeajiriwa mikono,” akasema. “Kichwa ninacho mimi.”

Mwezi uliofuata msimamizi akashikwa na homa, akapelekwa Tanga. Mzee Mhina, akitaka bwana arudi akute kazi safi, alituamuru tuzibane reli chuma kwa chuma. Zilipendeza. Siku ya tatu, jua la adhuhuri likazipinda, zikachomoka kwenye mataruma, yale magogo yanayozibeba. Nilikimbia njia ya Mombo, kulikokuwa kukija gari moshi, nikipunga shuka langu mpaka likasimama. Hakufa mtu, lakini Mzee Mhina alichapwa viboko hamsa ishirini na kufukuzwa.

Msimamizi mpya, mhandisi, hakuuliza nani alikosea. Aliuliza nani alifundishwa. Hakukuwa na hata mmoja.

Tangu hapo kila Jumamosi tulifanya kazi nusu siku. Nusu nyingine tulijifunza. Alitupa kabari nyembamba: asubuhi iliingia kwenye upenyo, adhuhuri ikakataa. Chuma kilirefuka kwa joto! Nilirudia mara tatu, nikidhani nimekosea. Wakubwa wa Tanga walilalamika kwamba anapoteza saa za kazi. Yeye akatuambia, “Siku nisipokuwepo, reli isijue.”

Aliponifanya mnyapara, nilimfuata Mzee Mhina shambani kwake Mkata, nikamwamkia, nikamweleza habari za joto na chuma. Alisikiliza kwa makini sana.

“Kumbe ni hilo tu,” akasema. “Mbona hawakuniambia?”

Nilimsihi arudi. Akakataa, akaendelea kupalilia mihogo yake.

Ninyi mnaosimamia watu leo, jibu la swali lake mnalo ninyi. Mimi nilijitahidi, kila niliyemwongoza nilimfundisha kazi yangu yote. Siku ya kustaafu nilimkuta mrithi wangu akilionyesha genge la vibarua namna ya kugonga reli na kusikiliza mlio, kujua palipo na ufa ndani. Sikuwahi kufundishwa hilo. Nikaweka mzigo wangu chini, nikamwomba aanze upya.