Bastola Fupi Tuliyonunua Darsait

Siku ya tatu ya Idi, wanaume wa ukoo wetu huenda kulenga shabaha. Zamani walikwenda bondeni, nyuma ya kijiji cha mababu zetu. Siku hizi tunakwenda kwenye uwanja wenye kibali nje ya mji, wenye msimamizi na kuta za mchanga. Kahawa inatangulia, halafu mkubwa wa ukoo anafungua. Hakuna anayegusa bunduki mpaka yeye apige risasi ya kwanza. Kibao cha shabaha kikilia, watu wanashangilia, na hapo ndipo Idi ya wanaume inapoanza. Kwa miaka mingi aliyefungua alikuwa kaka yangu.

Nafasi ile hakuipata kwa umri peke yake. Tuliporudi Omani kutoka Unguja tulikuwa vijana ambao hatukujua hata namna ya kushika bunduki, na Kiarabu chetu kilikuwa cha chuoni, cha kusoma Kurani. Binamu zetu waliobaki huku walituita watu wa karafuu. Idi ya kwanza kaka alipewa bunduki ndefu ya babu, ikampiga bega akakaa kitako mchangani, kofia huku, kiatu kule. Walicheka mpaka wakatoa machozi. Kaka alisimama, akajikung'uta kanzu, akaniambia kwa Kiswahili ili wasielewe: "Wache wacheke. Mie nna muda." Mwaka mzima alikuwa akienda bondeni kila Ijumaa baada ya sala. Nikimfuata na birika la chai, narudi masikio yanavuma. Idi iliyofuata hakucheka mtu.

Basi miaka ikapita, tukaoa, tukajenga. Yeye alijenga Ansab, mjini, mimi baadaye nikahamia Al Amerat, ng'ambo ya mlima, kwa sababu ya nafasi. Alikuwa akija kwangu kila Alhamisi alasiri, anavuka mlima na gari lake la kizamani ambalo halikuwa na kiyoyozi, na akifika maneno yake ni yale yale: "Umekuja kuishi na mbuzi, bwana weye." Nyumba nzima ilijua kuwa Alhamisi ni siku ya kaka. Mke wangu alikuwa akimpikia mkate wa ufuta, na yeye lazima aseme kwamba wa jana yake ulikuwa mzuri zaidi, ingawa jana yake hakuja.

Uzeeni bega lake liliharibika. Daktari alilipasua, akamkataza bunduki ya kuegemeza begani. Idi ilikuwa bado miezi kadhaa. Nilimjua kaka: angetaka kufungua. Nilikuwa na leseni, nikamwambia tutafute bastola, nimnunulie, apigie uwanjani kwa mkono. Akauliza, "Nyeusi au ya rangi ya fedha?" Nikajua amekubali.

Tulikwenda Darsait, kwenye duka la Mwomani mmoja aliyezaliwa Tabora. Mbele anauza, nyuma ana karakana ya kutengeneza silaha za wenye leseni. Kaka alipomsikia anavyosema tu, akaanza.

"Wewe wa bara wewe. Kiswahili chako kina vumbi la reli."

"Na chako mzee kina nazi mpaka kinateleza," alijibu yule bwana. "Karibuni. Mnataka ya kuonyesha au ya kupigia?"

Alitoa mbili. Moja ilikuwa kubwa, mtutu mrefu, nzito. Ya pili ilikuwa fupi, mtutu wake hauzidi kidole, mpini wake wa mviringo, nafasi za risasi tano ndani ya silinda ndogo inayozunguka. Ilikaa juu ya kitambaa kama kitu cha kuchezea. Kaka aliichukua ile kubwa. Aliinyanyua, akaishusha, akainyanyua tena, na uso wake ukafurahi. Mimi nilikuwa nikitazama mkono wake, ule uliopona juzi tu, jinsi mishipa ilivyomtoka.

"Hii ndogo, kaka," nikasema. "Hii haina uzito."

"Ndogo ya nini? Nimekuwa bibi arusi niiweke mkobani?"

"Ndogo inapiga teke zaidi," alisema mwenye duka. "Na kifyatuo chake kigumu. Kubwa ndiyo rahisi, uzito wake unakusaidia."

Nilidhani anataka kuuza ya bei kubwa. Sasa najua kwamba alikuwa akisema kweli tupu, na mtu yeyote aliyewahi kupiga silaha hizo mbili angeniambia hivyo hivyo. Lakini nilikuwa nimeshaamua kwamba mzee apewe kitu chepesi, kama vile tunavyompa mtoto kikombe kidogo. Nikarudia, nikarudia, mpaka kaka akaiweka chini ile kubwa. "Haya. Yako leseni, yako pesa," akasema. "Mimi nna kidole tu."

Ikawa kila Alhamisi, baada ya chai, namtolea bastola kutoka kwenye sanduku la chuma. Naifungua silinda mbele yake, tunahakikisha wawili kwamba haina kitu, naye anakaa kwenye majlisi, chumba cha wageni, akielekea ukuta na kuvuta kifyatuo. Kilikuwa kigumu kweli. Anavuta, midomo imebana, jasho linamtoka kwenye paji. Anapumzika, anavisugua vidole vyake vilivyokakamaa, anavuta tena. Mimi najifanya nasoma gazeti. Nilikuwa namwona anashindwa, na roho inaniuma.

Kwetu mtu mzima hafichuliwi udhaifu wake usoni. Unamsitiri. Mama yetu alitulea hivyo: mgeni akimwaga mchuzi, na wewe unamwaga wako kidogo. Kwa hiyo sikumwambia kaka, "Naona kidole kinakushinda, tufanye nini?" Lingekuwa swali la sekunde moja. Badala yake, siku chache kabla ya Idi, niliichukua bastola peke yangu nikarudi Darsait.

"Nataka kifyatuo kilainike," nikamwambia yule bwana wa Tabora.

"Kiasi gani?"

"Mpaka mzee asione tabu."

"Yeye mwenyewe anajua? Kwa sababu mtu akizoea uzito mmoja, ukimbadilishia lazima ajaribu upya."

"Anajua," nikasema. Nilisema uongo ule bila kumeza mate.

Aliingia nyuma, akaifungua, akasugua vyuma vinavyosuguana mpaka vikang'aa, akabadilisha springi. Kazi nzuri. Nilipoijaribu tupu, kifyatuo kilirudi nyuma laini, kama droo iliyopakwa nta. Nilifurahi njia nzima ya kurudi. Nilimwona kaka akilini mwangu akipiga, kibao kinalia, na yeye hajui kwa nini imekuwa rahisi. Ndivyo nilivyotaka, asijue.

Siku ya tatu ya Idi uwanja ulijaa. Mishkaki inachomwa pembeni, harufu ya moshi imechanganyika na udi wa nguo mpya. Kaka alivaa kanzu nyeupe na kofia ile ya uzi wa kahawia aliyoshona marehemu mama. Msimamizi akaamuru watu wanyamaze. Nikampa bastola, akatia risasi mwenyewe, akatazama kibao. Akaanza kuinyanyua.

Ililia kabla mkono haujafika kiunoni. Risasi iliingia ardhini hatua chache mbele ya meza, vumbi likaturukia. Msimamizi alipiga kelele, akaja mbio, akaichukua bastola mkononi mwa kaka, akafungua silinda na kuiweka mezani. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapolikumbuka.

Kaka alibaki anautazama mkono wake. Aliufungua na kuufunga. Binamu yetu mmoja, mcheshi wa ukoo, ambaye naamini alitaka kulainisha mambo tu, akasema kwa Kiarabu, "Ewe sheikh, mchwa wamekukosea nini?" Watu wakacheka. Kaka naye akacheka. Kisha akanigeukia na kuniambia kwa Kiswahili, taratibu: "Mkono umekwisha, mdogo wangu. Umekwisha kabisa." Akaenda kukaa kivulini, na binamu akafungua badala yake.

Palikuwa na nafasi ya kusema. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini watu wote walikuwa wakitutazama, nikajiambia nitamwambia tukiwa wawili. Tulipokuwa wawili, garini, nikajiambia nitamwambia akitulia.

Alhamisi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Nikampigia simu, shemeji, mke wake, akapokea. "Kaka yako haendeshi tena," alisema. "Ati mkono wake haumsikilizi. Gari keshalitangaza kuuza. Jana mjukuu kaletwa, kakataa hata kumpakata, anaogopa atamwangusha. Ulimfanyia nini huko kwenye shabaha zenu?"

Alisema hivyo kwa mzaha, ndivyo alivyo, lakini niliposhusha simu nilikwenda kulifungua sanduku la chuma.

Nilikwenda Ansab jioni ile ile na bastola ndani ya sanduku lake, tupu. Nilimkuta kaka barazani, mikono ameipakata mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Nikamweleza yote: Darsait, springi, uongo. Nilipomaliza akasema, "Lete." Nikafungua silinda, akatazama, nikampa. Akavuta mara moja.

"Subhanallah," akasema. "Hii hata paka angeipiga."

"Nilikuona unashindwa, kaka. Jasho lilikuwa linakutoka."

"Nashindwa? Nilikuwa nakisoma kifyatuo! Kile kilikuwa kigumu, basi nikapata njia yangu. Naanza kukivuta tangu mkono uko chini. Ukifika machoni, kimebaki unywele tu. Miezi, bwana! Miezi nakisoma, na wewe umejificha na gazeti lako."

"Nilitaka kukusitiri."

"Ulinisitiri kweli. Ukanivua nguo mbele ya ukoo mzima." Alikuwa amekasirika sasa, na nilifurahi kumwona amekasirika, kwa sababu mikono yake ilikuwa hewani, inazunguka, inanielekezea kidole. "Risasi si kitu. Lakini wiki zote hizi umeniacha naamini mwili wangu umenisaliti. Nimemnyima mjukuu mapaja yangu! Ungeniambia pale pale, ningekutia kofi, halafu ningepiga ya pili."

Nikaichukua bastola mapajani mwake, nikaifungia sandukuni.

Shemeji akaleta chai. Kaka akanywa nusu kikombe, hasira ikateremka. Nikamwambia nitawaeleza wote, Ijumaa ile ile, na binamu wa mchwa nitamweleza wa kwanza. Akatikisa kichwa.

"Usiseme."

"Kaka, ni haki yako."

"Wakijua, watasema mdogo mtu alimfanya mkubwa wake mtoto mchanga, na akamwongopea fundi kuhusu silaha ya hatari. Hawatakuacha maisha. Wache waseme mkono wa mzee umechoka, wazee wote mikono yao huchoka. Khalas, yameisha." Kisha akamwita shemeji: "Mwambie mwanao amlete yule mjukuu kesho. Na gari siuzi."

Aliendelea kuja kwangu Alhamisi miaka miwili zaidi, akiwatukana mbuzi wa Al Amerat. Lakini hakufungua tena, kwani angefungua ingebidi mambo yaelezwe. Kila Idi mtu alimtania kuhusu mchwa, naye alicheka zaidi ya wote, huku mimi nikigeuza mishkaki ambayo haikuhitaji kugeuzwa. Bastola niliirudisha dukani kisheria.

Amekwenda kwa Mola wake mwaka jana. Mkubwa sasa ni mimi. Idi iliyopita nilifungua, na kabla sijainua bunduki, nikamsikia kijana mmoja wa ukoo, aliyekuwa mtoto siku ile, akimsimulia mgeni habari za babu aliyepiga mchwa kwa sababu mkono wake ulikuwa umekufa. Mgeni akacheka. Nikaiweka bunduki mezani.

Nikawaambia wakae. Kaka aliniomba ninyamaze ili kunisitiri mimi, na aliyestahili sitara ile hakuwa mimi. Niliwasimulia kama nilivyoandika hapa, kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili kwa wale wanaokijua. Binamu wa mchwa, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alifunika uso kwa kilemba chake. Hakuna aliyenituliza, na nilishukuru kwa hilo. Kisha nikamwambia yule kijana aende afungue yeye. Mimi nikakaa kivulini.