Kanyere Hakuwa Mmoja

Zamani, mtu akipotea katika njia ya Mangina, jina lake lilisomwa kanisani baada ya misa, na kabla ya jua kuzama kila jiko la Butembo lilikuwa limekwisha kulitaja. Siku hizi jina hutiwa ndani ya kompyuta, na jirani wa ukuta kwa ukuta hajui nani analiliwa.

Hivyo ndivyo alivyoona Josaphat Maliro, aliyekuwa karani wa parokia kwa miaka thelathini na mmoja. Hakumaliza shule ya msingi. Kifaransa alijifunza katika magazeti yaliyofungia sabuni sokoni, na mwandiko wake ulisifiwa na mapadre watatu, wote marehemu. Sanduku lake la kadi za familia lilikuwa limesukumwa stoo, ambako wasomaji wake ni panya. Yeye alipika peke yake na kuosha sahani moja.

Chama cha familia zilizopoteza watu kilimwita kwa sababu ya daftari lake, lenye majina arobaini na moja ya waliopotea. Élodie, fundi wa kompyuta na binti wa mwalimu aliyetoka Kisangani, alikuwa ametengeneza tovuti ambamo mtu wa Beni au wa Kampala angeweza kumtafuta jamaa yake. Walikaa wawili nyuma ya duka la vitenge. Tovuti ilifunguka, lakini tupu. Élodie alimweleza kwamba kurasa zile ni sura tu. Majina hukaa kwingine, kwenye hifadhidata, na hivyo viwili bado havijaunganishwa. Akaandika anwani ya hifadhidata na neno la siri. Akakosea, akarudia, ikakubali. Kisha akataka kutia watu watatu wa uongo, kwa kujaribu tu.

Maliro alikataa. Waliopotea kweli hawajapata nafasi, wa kubuni wakae mbele yao? Akafungua daftari, akaanza kumsomea.

Majina kumi na nane yaliingia. La kumi na tisa lilirudishwa.

“Papa, hii inakatala. Inasema Kanyere iko tayari ndani.”

Mzee alishika ukingo wa meza. Kwa pumzi moja aliamini kwamba mtu fulani huko Beni alikuwa amemwona binti yake, akamwandikisha. Kisha akakumbuka jina la nne, alilolisoma kwa kinywa chake mwenyewe.

“Ule wa mbele ni wa Mavivi, alikuwa anauzisha samaki,” alisema. “Huyu ni wangu.”

Élodie alikiri kwamba aliiamuru hifadhidata isipokee jina moja mara mbili, ili mtu asiandikwe tena na tena.

“Lakini kwenu Kisangani, Kanyere ni moja? Huku mutoto anaitwa kwa zamu ya kuzaliwa, mwana. Kila nyumba iko na wake. Mashini yako haiyakula bado bugali ya huku.”

Élodie alicheka kidogo, akaomba radhi. Aliifuta amri ile, akampa kila mtu namba yake, akaongeza nafasi ya jina la mama, ya kijiji, na ya siku na mahali mtu alipoonekana mara ya mwisho. Hiyo ya mwisho haikuweza kuachwa wazi. Bila hiyo, alisema, atakayetafuta atawatambuaje?

Kwa wengine, Maliro alikuwa nayo yote. Mbele ya majina matatu tu, Kanyere na watoto wake Jéthro na Victoire, karatasi ilikuwa nyeupe kwa miaka minne.

“Tunaweza kuandika haijulikani, papa.”

“Inajulikana,” alisema Maliro. “Andika.”

Ilikuwa Jumanne ya Agosti, Butembo, kama saa moja asubuhi. Kanyere alikuwa anakwenda Mangina kuvuna kakao ya marehemu mumewe. Baba alikuwa amemkataza, naye akafunga mizigo. Basi mzee alijifungia ndani ili hasira yake ionekane, akawatazama kwa ufa wa dirisha: watatu nyuma ya dereva wa pikipiki, Victoire katikati, Jéthro amevaa sufuria kichwani kwa mchezo. Kanyere aligeuka kuuelekea mlango. Alimwambia dereva angoje kidogo. Dereva alingoja, injini ikiunguruma. Mlango haukufunguliwa, halafu wakaondoka.